Mawingu kwa Watoto Wadogo: Niliyojifunza Kilimanjaro na Dodoma

Katika madarasa ya awali na ya kwanza niliyofundisha, chati ya hali ya hewa iliyobandikwa ukutani ilikuwa na picha nne: jua, mawingu, mvua na upepo. Kila asubuhi mtoto mmoja aliitwa mbele, akachungulia dirishani, akausogeza mshale wa boksi kwenye picha iliyofaa, kisha tukaendelea na kusoma. Kwa chati hiyo mawingu ni kitu kimoja, nayo ama yapo ama hayapo. Lakini watoto hao hao wakifika nyumbani hutumwa kuanua mahindi au kahawa iliyoanikwa, na hakuna mzazi wa Uchaggani anayetaka mtoto wake aanue kila aonapo wingu, kwa sababu kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni siku chache mno ambazo mbingu hupambazuka na kuchwa bila wingu lolote, na kwa utaratibu huo kahawa isingekauka hata kidogo. Mtoto wa miaka sita anayepewa kazi hiyo tayari anayabagua mawingu kwa namna yake. Mada hii nimeifundisha kwa kuanzia kwenye ujuzi huo, kwanza katika shule iliyo juu ya mji wa Moshi, upande wa kusini wa mlima, na baadaye katika shule ya kijijini mkoani Dodoma nilikohamishiwa.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto mdogo asianze kwa kuulizwa wingu linafanana na nini. Aulizwe liko wapi, linaelekea wapi, na limebadilikaje tangu alipotoka nyumbani. Swali la kufanana lina utamu wake, na watoto hulipenda, ila likitangulia hulimeza somo zima. Mmoja anaona ng'ombe, mwingine anaona basi, wote wamepatia, na kabla madaftari hayajafunguliwa ng'ombe amekwisha kunyooka akawa kitu kingine. Mahali na mwendo, kwa upande mwingine, vinaweza kusemwa, kuchorwa na kubishaniwa kwa ushahidi, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumwambia mwenzake kwamba amekosea, akamwonyesha kwa kidole ni kwa nini.

Kwa mwalimu wa upande huo wa Kilimanjaro, nusu ya kazi imefanywa na mlima wenyewe. Jambo gumu kuliko yote katika kujifunza aina za mawingu ni kimo, kwa kuwa jicho la mtu, mdogo kwa mkubwa, halina namna ya kujua kama wingu liko mita elfu moja au elfu kumi juu yake pale ambapo hakuna cha kulinganisha nalo. Kibo, kilele kikuu cha mlima, kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kilele cha pili Mawenzi mita 5,149, na chini yake kuna mkanda wa msitu unaoanzia karibu mita 1,800, kisha mashamba ya migomba na kahawa tunamoishi. Watoto wanaijua mipaka hiyo kwa macho kabla hawajajua kuhesabu hadi mia. Niliwachorea mstari wa mlima kwenye karatasi za manila, nikaweka alama tatu tu, yaani mashamba, msitu na kilele, na kila kundi likawa na kazi ya kuweka wingu mahali pake mara tatu kwa siku: wanapofika shuleni, wakati wa mapumziko ya saa nne, na kabla ya kuondoka.

Kilichojitokeza kwenye karatasi hizo baada ya wiki chache ni kanuni ambayo wazee wa huko wanaijua bila kuandikiwa. Asubuhi na mapema Kibo huwa wazi. Kadiri jua linavyopanda, ardhi ya chini na miteremko hupata joto, hewa iliyo juu yake hupata joto nayo na kuanza kupanda mlima ikiwa imebeba mvuke, na inapopanda hupoa, mvuke ukageuka matone. Kwa hiyo wingu la kwanza huonekana juu ya msitu, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne, kisha hunenepa hadi mlima wote ukafunikwa kufikia adhuhuri, na jioni hewa inapopoa na kushuka, kilele hufunuka tena. Watoto hawakuhitaji maneno yote hayo. Walihitaji kuona kwenye karatasi zao wenyewe kwamba wingu la asubuhi halikuja kutoka mahali pengine likasimama mlimani, bali lilizaliwa palepale mbele ya macho yao. Mtoto akishaamini kwamba wingu huzaliwa na hufa, nusu ya maswali yake mengine hujijibu.

Niseme jambo kuhusu pamba. Vitabu na kuta za madarasa yetu zimejaa mawingu ya pamba yaliyobandikwa kwa gundi, na naelewa sababu yake, kwa kuwa pamba ni rahisi kupatikana na kazi ya mikono inapendeza siku ya wazazi kutembelea shule. Hata hivyo nimeiacha. Pamba ni kavu, laini na haibadiliki, yaani ina sifa tatu ambazo wingu halina hata moja. Badala yake nilitumia chaki iliyolazwa ubavu kwenye ubao mweusi: ukiburuta kwa wepesi unapata nyuzinyuzi za juu, ukizungusha unapata marundo, ukifuta kwa kiganja unapata tandiko la kijivu, na juu ya yote unaweza kulibadilisha wingu moja kuwa jingine wakati darasa linatazama.

Mwezi wa Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri kuliko yote wa kufundisha mada hii kwenye miteremko ya kusini, ingawa wageni hudhani kinyume chake kwa sababu hakuna kinachoonekana. Ni wakati wa baridi, na kuna asubuhi nyingi ambapo wingu hushuka hadi kwenye mashamba, watoto wakafika shuleni masweta yamejaa matone madogo. Hapo swali la wingu ni kitu gani haliulizwi kwa kutazama juu. Niliwatoa nje wakasimama ndani yake, wakapitisha viganja kwenye sweta, wakatazama utando wa buibui kwenye ua wa shule jinsi ulivyoshika maji. Kisha tukapima. Mtoto mmoja alitumwa atembee kuelekea mlingoti wa bendera, wengine wakihesabu hatua zake kwa sauti, na mara tu alipofifia tuliacha kuhesabu na kumwita arudi. Wataalamu wa hali ya hewa huita hali hiyo ukungu pale umbali wa kuona unapopungua chini ya kilometa moja. Kwa watoto wangu ilitosha kujua kwamba leo tumeona hadi mlingoti na jana tuliona hadi kwenye migrevilea ya jirani, kwa hiyo wingu la leo ni zito zaidi.

Siku moja ya majira hayo sisi tulikuwa juu ya wingu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, ukaifunika Moshi na tambarare yote, na kutoka uwanja wetu tuliona tandiko jeupe linalong'aa kwa jua. Nikampigia simu mwalimu mwenzangu anayefundisha mjini, nikaweka sauti kubwa.

“Shikamoo, dada. Huko kwenu mawingu yakoje?”

“Marahaba. Ah, mwalimu, huku kumefunga, giza tupu. Tumewasha taa ofisini.”

Watoto walicheka, wakidhani anawatania. Somo la siku hiyo, na la siku kadhaa zilizofuata, likawa rangi ya wingu. Wingu lililo jeusi kwa aliye chini yake ni jeupe kwa aliye juu au kando yake, kwa kuwa weusi hautokani na uchafu wala na maji ya rangi nyingine, bali na unene: mwanga wa jua hurudishwa na matone ya juu, na kadiri wingu linavyokuwa nene ndivyo mwanga unavyopungua kufika upande wa chini. Tangu simu ile sikuwahi tena kusikia mtoto wa darasa hilo akisema kwamba kuna mawingu meupe na mawingu meusi kana kwamba ni makabila mawili. Walisema jembamba na nene, na hiyo ni lugha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kuna wingu moja la mlimani lililonipa shida kulieleza kuliko yote. Upepo wa juu ukiwa mkali, juu ya Kibo au pembeni mwake hutokea wingu laini, lenye umbo la sahani iliyofunikwa, ambalo husimama mahali pamoja kwa muda mrefu huku mawingu mengine yakipita. “Mwalimu, lile halisogei,” mtoto aliniambia, na darasa lote likaona kwamba anachosema kinapingana na kila kitu tulichojifunza kuhusu mwendo. Niliwapeleka kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa Wachagga, unaopita nyuma ya shule. Mahali maji yanapopita juu ya jiwe lililozama, hujikunja yakafanya nundu, na nundu ile haiondoki ingawa maji yanakimbia. Tulidondosha majani makavu upande wa juu, tukayaona yakipanda nundu, yakaishuka na kwenda zake, nundu ikabaki. Hewa inayovuka mlima hupanda vivyo hivyo, na inapofika juu penye baridi mvuke wake hugeuka matone. Inaposhuka upande wa pili hupata joto na matone hutoweka. Upepo unapita, wingu linabaki, kwa sababu kila dakika linatengenezwa upande mmoja na kubomolewa upande wa pili. Sidai kwamba wote walilielewa jambo hilo siku ile, lakini wale waliolielewa walilieleza kwa wenzao kwa maneno mazuri kuliko yangu.

Majina niliyachelewesha makusudi. Mtu aliyeyaweka majina yanayotumika hadi leo, Luke Howard, alikuwa mtaalamu wa dawa wa London aliyependa kutazama anga, na hotuba yake aliyoitoa mwaka 1802 ilikuwa na aina tatu tu za msingi: sirasi kwa mawingu ya nyuzi, kumulasi kwa marundo, na stratasi kwa yaliyotandaa. Nimbasi aliliweka kwa wingu lenye mvua, na aina nyingine alizipata kwa kuunganisha majina hayo, akijua kwamba wingu la aina moja hugeuka kuwa jingine. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua jamii kuu kumi, na atlasi ya mawingu ya kimataifa iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1896 inapatikana kwenye intaneti katika toleo la mwaka 2017. Ikiwa mtu mzima aliyetazama anga kwa miaka mingi aliona aina tatu zinatosha kuanzia, sioni sababu ya kumbebesha mtoto wa miaka sita kumi. Aina zile tatu na wingu la mvua ndizo zilizokuwa mwisho wangu kwa darasa la kwanza. Nikiri tu kwamba neno kumulonimbasi, yaani rundo kubwa la mvua na radi, lilipenya bila ruhusa, kwa sababu mtoto mmoja alilisikia kwa kaka yake, na darasa likalipenda. Nililitumia kwenye kipindi cha kusoma: ku-mu-lo-ni-mba-si ni silabi sita ambazo karibu zote walikuwa wamekwisha kuzijua, na hakuna furaha inayozidi ya mtoto aliyegundua kwamba anaweza kusoma neno refu kuliko jina la mwalimu wake.

Nilipohamia Dodoma nilikuta mbingu kubwa isiyo na mlima wa kulinganishia, na msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili. Niliripoti mwezi wa Julai. Kwa wiki nzima nzima hatukuwa na wingu la kulitaja, kulikuwa na upepo, vumbi na chamchela zinazokatiza uwanja wa mpira. Mpango wa kazi ulionyesha kwamba mada ya hali ya hewa inafundishwa muhula huo huo, na wapo walimu ambao wangefundisha mawingu kutoka ubaoni na kuendelea. Mimi nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuivunja mada vipande, nikafundisha jua, upepo na kivuli kwanza, mawingu yakangoja yatakapokuja yenyewe. Ruhusa hiyo ilikuwa na faida kubwa kuliko zana yoyote niliyowahi kuletewa.

Kimo kilihitaji njia nyingine, na ile inayotumiwa na watazamaji wa hali ya hewa inafaa sana kwa watoto. Unanyoosha mkono kuelekea kwenye mawingu yaliyo mbali na jua na kulinganisha kipande kimoja cha wingu na mkono wako. Likiwa na ukubwa wa ngumi au zaidi, liko chini. Likitoshana na dole gumba, liko katikati. Likifunikwa na ukucha wa kidole cha mwisho, liko juu sana, na katika nchi za joto kama yetu mawingu ya juu yanaweza kuwa popote kati ya kilometa 6 na 18. Mkono wa mtoto ni mfupi, lakini na ngumi yake ni ndogo, kwa hiyo hesabu inabaki karibu ileile. Sharti nililoliweka, na ambalo sikulilegeza, ni kwamba tunasimama jua likiwa mgongoni, na hakuna anayelitazama jua hata likiwa nyuma ya wingu jembamba.

Katika darasa lile alikuwapo mtoto mwenye ualbino ambaye uoni wake ulikuwa hafifu, na mambo ya ngumi na ukucha hayakumsaidia. Yeye ndiye aliyenifundisha kipimo ambacho sasa nakitumia kwa watoto wote. Alisimama nje ya kivuli cha jengo, amevaa kofia yake pana na mikono mirefu, na aliweza kusema aina ya wingu lililo mbele ya jua kwa kusikia joto. Wingu la nyuzi likipita, joto linabaki. Rundo likipita, joto linakatika ghafla na kurudi ghafla. Likitandaa tandiko, joto linaondoka polepole na halirudi. Baadaye tukaongeza kipimo cha kivuli: kama kivuli chako bado kinaonekana ardhini, pazia lililo mbele ya jua ni la juu na jembamba; kikipotea kabisa, wingu ni nene zaidi na liko chini zaidi. Nilitumia nafasi hiyo kusema kwa darasa zima, na kwa mama yake alipokuja kumchukua, kwamba kofia haivuliwi siku ya mawingu, kwa kuwa sehemu kubwa ya miale inayounguza ngozi hupenya wingu jembamba hata pale joto lake linapopungua.

Marundo ya kwanza yalionekana mchana wa Oktoba, madogo, yaliyotawanyika, yasiyo na nia ya kunyesha. Watoto waliona kitu ambacho Kilimanjaro hakionekani vizuri, yaani kwamba mawingu yote yalikuwa na kitako bapa, na vitako vyote vilikuwa kwenye usawa mmoja hadi upeo wa macho. Sababu yake ni kwamba hewa inayopanda kutoka kwenye tambarare ile ina joto na unyevu unaokaribiana kila mahali, kwa hiyo hufikia baridi ya kugeuza mvuke kuwa matone kwenye kimo kimoja. Kwa mwalimu anayetaka kukadiria, kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo mvuke huanza kugeuka matone) huongeza takriban mita 125 za kimo cha kitako hicho. Katika hewa kavu ya Oktoba vitako viko juu sana. Unyevu ukiongezeka kuelekea Desemba vinashuka, na watoto waliokuwa wakichora kila siku waliona kwamba mawingu yanakuja chini kabla ya kuuliza kwa nini.

Kumulonimbasi halikuwa tena neno la kuchezea silabi. Nilimwalika babu wa mmoja wa wanafunzi, mkulima wa uwele na mtama, aje awaeleze watoto anavyojua mvua inakuja.

“Sisi wingu hatulitazami ukubwa wake, Mwalimu,” alisema. “Tunatazama linatokea wapi, na upepo wake una baridi au hauna. La mashariki lenye upepo wa baridi, hilo ukilisubiri limekukuta shambani.”

Upepo ule wa baridi una maelezo yake: mvua inayoanza kunyesha ndani ya wingu hupoza hewa, hewa hiyo nzito hushuka na kusambaa mbele ya wingu, ikainua vumbi dakika kadhaa kabla ya tone la kwanza. Babu hakuhitaji maelezo hayo, ila watoto walifurahi kusikia kwamba kitabu na babu wanakubaliana.

Mahali ambapo kitabu na maneno ya nyumbani havikukubaliana ni kwenye radi. Watoto walikuwa na hakika kwamba anayevaa nguo nyekundu huvuta radi na kwamba vioo lazima vifunikwe, na baadhi walisikia nyumbani kwamba radi hutumwa na mtu. Sikuona busara ya kumbishia bibi wa mtoto kupitia kinywa cha mtoto mwenyewe. Nilisema kwamba darasani kwetu tutaongeza kanuni nyingine ambazo hazimzuii mtu kufunika kioo: usikimbilie chini ya mti, hata mbuyu, ukisikia ngurumo ingia ndani ya jengo, usibaki uwanjani wala kando ya bwawa. Kisha tukahesabu. Sauti husafiri kilometa moja kwa takriban sekunde tatu, kwa hiyo mtoto anayeona mmweko na kusikia ngurumo kabla hajafika thelathini anajua kwamba radi iko ndani ya kilometa kumi, na huo ni ukaribu wa hatari. Hesabu ya moja hadi thelathini ilikuwa kwenye silabasi yetu kwa vyovyote. Jioni moja ya Januari niliwaona watoto watatu wakiondoka uwanjani wakihesabu kwa sauti, huku wakubwa wao wakiendelea na mpira, nikalazimika kupuliza filimbi kuwatoa hao wakubwa.

Majaribio ya darasani niliyapunguza yakabaki mawili. La kwanza ni birika kwenye jiko la mkaa, watoto wakiwa mbali, ili waone kwamba karibu kabisa na mdomo wa birika hakuna kinachoonekana, na weupe huanza mbele kidogo. Mvuke hauonekani, na ule weupe ni matone. La pili ni chupa ya plastiki ya maji, ile ya lita moja na nusu, yenye maji kidogo ya uvuguvugu. Mwalimu anawasha kiberiti, anakizima, anaingiza moshi wake, anafunga kifuniko, anaibana chupa kwa nguvu kisha anaiachia. Hewa inapotanuka hupoa, na ukungu hutokea ndani. Ukibana tena hutoweka. Bila moshi karibu hakuna kinachotokea, kwa sababu mvuke unahitaji chembe ya kushikamana nayo, iwe ya vumbi, ya moshi au ya chumvi ya bahari. Watoto waliuliza mbona matone ya wingu hayaanguki. Yanaanguka, ila kila moja lina upana wa takriban sehemu mbili za mia za milimita, na huteremka kwa mwendo wa kama sentimita moja kwa sekunde, wakati hewa inayopanda inalisukuma juu kwa kasi kubwa zaidi. Inahitaji matone kama milioni moja ya namna hiyo yaungane ndipo lipatikane tone moja la mvua lenye upana wa milimita mbili. Milioni haina maana kwa mtoto wa darasa la kwanza. Nilisema mengi kuliko punje zote za mtama kwenye gunia la babu, wakatosheka, ingawa mmoja aliomba twende tukazihesabu.

Limebaki suala la kupima walichojifunza, ambalo kwa mada hii hufanywa vibaya mara nyingi kwa kumpa mtoto picha za mawingu na mistari ya kuunganisha na majina. Mtoto anaweza kuunganisha zote sawasawa bila kuwahi kuinua kichwa. Upimaji wangu hufanyika nje, kwa makundi ya watano watano, mbele ya mkeka ulioanikwa mahindi halisi kutoka stoo ya shule. Swali ni moja: tuanue au tusianue, na kwa nini. Nampa alama anayetaja wingu liko wapi, linaelekea wapi na limebadilika vipi, hata kama uamuzi wake haukuwa wangu. Nampunguzia anayesema tuanue kwa kuwa kuna mawingu. Mdhibiti ubora wa shule aliyetutembelea alitaka kuona ushahidi wa maandishi, nami nikampa michoro ya kila siku ya makundi, yenye tarehe na saa, iliyoshonwa kwa uzi. Aliipekua, akauliza kama anaweza kupiga picha kurasa za Desemba, na kabla hajaondoka akataka aelezwe na mtoto, si na mimi, ile karatasi ambayo haikuchorwa chochote ilikuwa ya siku gani. Mtoto alimjibu kwamba ni ya Julai.